Siku Tano za Kumshuku Chiriku

Mzee Mizani alikuwa mwana wa mpima pamba, mjukuu wa mpima nafaka, na kitukuu wa mtu ambaye soko zima lilimkabidhi kibaba chake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta na punje ya mwenzake kiganjani. Ukoo huo haukuacha mashamba wala majumba, uliacha jina. Inasimuliwa kwamba baba yake, yule mpima pamba, alipofukuzwa kazi kwa kukataa kuusukuma mzani ratili mbili upande wa kampuni, wakulima waliyakalia magunia yao siku tatu wasipakue hata moja, mpaka mpima wao aliporudishwa kitini. Mzee mwenyewe alilipokea jina hilo likiwa safi, akalitumikia miaka thelathini na minne akiwa mkaguzi wa vipimo wa serikali. Aliingia kwa wauza nyama, kwa wauza mafuta na kwa wauza sukari, amebeba sanduku la mawe ya shaba yenye muhuri. Na wauza nyama, kwanza kwa hofu na baadaye kwa heshima, ndio waliomwita Mizani. Alipostaafu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kunyoosha kidole na kusema, huyu aliwahi kunifumbia jicho.

Mtu wa namna hiyo hastaafu moyoni. Nyumba yake aliiendesha kama alivyoiendesha wilaya. Kila kilichoingia kilipitia kwenye meza ya sebuleni, naye akakisoma: tarehe ya unga, uzito wa sabuni, muhuri wa chupa ya dawa ya kikohozi, ambayo aliinua dirishani akaitikisa na kuitazama kwa jicho moja. "Hata mbu wa nyumba hii," mkaza mwana wake alizoea kuwaambia wenzake kwenye duka la dobi alikopiga pasi, "wakitaka kuniuma lazima kwanza wapite mezani kwa Baba."

Basi ilipokuja chanjo ya yale maradhi yaliyokuwa yamezagaa duniani, Mzee hakusema kuwa ni sumu, kama walivyosema wavivu wa barazani. Alisema hajaona karatasi zake. Alivaa koti, akaenda zahanati, akasimama mbele ya muuguzi na kuomba cheti cha ukaguzi. Muuguzi alikuwa na foleni iliyozunguka jengo. "Mzee wangu," alimwambia bila kuinua macho, "ukitaka kuchanjwa, kaa kwenye foleni. Ukitaka kusoma, nenda maktaba." Mzee alirudi nyumbani, akawakusanya watu wake, akatoa amri: hakuna mkono wa nyumba hii utakaochomwa mpaka yeye aridhike. Miezi minne ilipita. Hakuwa ameridhika, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza anasubiri nini.

Mjukuu aliyekaa naye alikuwa mmoja, binti wa mwanawe, yule dereva wa malori ya masafa ambaye hurudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na minne, mshona kola katika kiwanda cha sare za shule, na tangu utotoni walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alianza habari yake akiwa getini, akaipitisha sebuleni, akaimalizia jikoni, na mtu aliyekosa sehemu ya katikati alisimuliwa upya bila malipo. Mzee alijifanya kuchoshwa na kelele hizo. Ukweli ni kwamba kila jioni aliketi upande wa kiti uliotazama geti.

Siku ya Jumatano Chiriku aliingia bila neno. Alimwamkia babu yake, akavua viatu, akaenda kulala kukiwa bado kweupe.

"Ana nini huyu?" Mzee aliuliza.

"Kichwa tu, Baba," mkaza mwana alijibu kutoka jikoni, upesi mno.

Upesi ule ndio uliomfanya Mzee aweke gazeti chini. Kwa uzoefu wake, jibu la kweli huchelewa kidogo, maana mwenye kweli hulitafuta. Jibu lililoandaliwa hutoka likiwa tayari limevaa viatu.

Alhamisi alfajiri alimsikia binti akitapika bafuni. Alisikia bomba likifunguliwa ili lizime sauti. Alipotoka, binti alijifunika uso kwa kiganja akipita mbele ya dirisha, akasema mwanga unamkera, akaenda kazini amevaa miwani myeusi ya mama yake. Mzee alibaki amesimama kwenye ujia, mswaki mkononi. Akahesabu. Kutapika asubuhi. Kulala mapema. Kujificha usoni. Mama kujibu badala ya bintiye.

Ijumaa alikwenda kwa rafiki yake Fundi Saa, ambaye kibanda chake kilikuwa kona ya mtaa, na ambaye alikuwa mtu pekee aliyeruhusiwa kumtania.

"Mizani, mbona leo umenuna kama saa iliyoingia maji?"

"Kuna jambo nyumbani."

"Msichana?"

"Nimesema jambo. Sikusema msichana."

"Hujasema, ila umekaa kama aliyesema." Fundi Saa alitoa lenzi jichoni. "Anatapika?"

Mzee aliokota saa moja mezani, akaitazama, akairudisha.

"Asubuhi zaidi kuliko jioni?"

"Asubuhi zaidi."

"Basi pole, na hongera. Mwenzako ninatengeneza saa, najua kitu kikianza kuhesabiwa. Hapo hesabu ni miezi tisa tu."

"Funga mdomo wako."

"Nimefunga. Lakini tumbo la mtoto wa watu halifungwi kwa kufuli, ndugu yangu. Mwulize kwa upole."

Upole haukuwa chombo alichokizoea. Jumamosi jioni, Chiriku alipoinua mkono kuchukua kikombe cha rafu ya juu, mkono wa gauni ulirudi nyuma, na Mzee akaona alama ya zambarau juu kidogo ya kiwiko, na nyingine ndogo chini yake, kama mtu aliyeshikwa kwa vidole. Miguuni, juu ya kifundo, palikuwa na vidoadoa vyekundu. Damu ilimpanda. Kumbe huyo mwanamume si kwamba amempa mimba tu, bali pia anampiga!

Baadaye kidogo, akipita ujiani kwa soksi, alisikia sauti mbili nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mama, nimwambie? Kichwa hiki si cha kawaida. Nikilala ndiyo kinazidi."

"Ukimwambia ametumaliza sote wawili. Ngoja baba yako arudi Jumanne, atamwambia yeye."

"Jumanne mbali, Mama."

"Kunywa dawa ya maumivu, ulale. Jumanne si mbali."

Mzee alirudi chumbani mwake kimyakimya. Aliketi kitandani muda mrefu. Mbele yake walipita mpima nafaka na mpima pamba, watu waliokula kidogo ili wasile cha mtu, na yeye aliona kama wanamtazama wakingoja atafanya nini. Hakulia, hakuwa na desturi hiyo. Aliamua kwamba kesho baada ya chai atafanya ukaguzi.

Asubuhi ya Jumapili alivaa koti lake la kazi, akaketi kwenye meza ya sebuleni, akaita.

"Wewe. Njoo ukae hapa."

Chiriku alikuja polepole, mkono mmoja ukishika ukuta. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi. Mama yake alisimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, akakikunja, akakikunjua.

"Kuna jambo unanificha," Mzee alisema.

"Babu, ni kichwa tu."

"Kichwa hakimtapishi mtu siku nne. Hizo alama mkononi umezipata wapi?"

"Sijui. Zimetokea zenyewe."

"Zimetokea zenyewe! Kama uyoga! Mimi nimekaa na wauza nyama miaka thelathini na minne, mtoto wewe, nimeambiwa kila aina ya uongo. Nimeambiwa jiwe la mizani limeliwa na panya. Mtazame mtu usoni unaposema naye."

"Mwanga, Babu. Mwanga unaniumiza."

"Mwanga humwumiza mwenye kuficha."

Mkaza mwana alipiga hatua moja ndani. "Baba, mtoto anaumwa."

"Nitakuja kwako. Zamu yako ipo." Akamgeukia binti. "Jina la huyo mwanamume."

Chiriku alifumbua macho kwa mshangao ulio wazi kabisa, na kwa kitambo kifupi ilionekana kama atacheka. "Mwanamume gani? Babu, mimi..." Alisita. "Naomba... naomba ile kola." Alinyoosha mkono wa kulia kuelekea kwenye bilauri ya maji. "Kola. Si... ile ya kunywa. Kola."

"Usinichezee."

"Kola," alisema tena, machozi yakimtoka, kama mtu anayefungua droo baada ya droo na kukuta vitu vya mtu mwingine. Vidole vilifika kwenye bilauri vikashindwa kuifunga. Bilauri ilianguka. Na bado Mzee, Mungu amsamehe, alifikiri ni maigizo; kwa muda wa pumzi mbili au tatu alifikiri hivyo, hata alipouona upande wa kulia wa mdomo wa mjukuu wake ukishuka, taratibu, kama pazia lililong'oka misumari.

Mama mtu ndiye aliyepiga kelele. Mzee ndiye aliyembeba. Fundi Saa aliwapeleka hospitali kwa kigari chake kibovu, akipiga honi njia nzima, bila utani hata mmoja.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, mdogo kwa wajukuu kadhaa wa Mzee, na jambo hilo peke yake lilimtia shaka. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni na haraka isiyo na papara. Alimpima Chiriku, akampeleka kupigwa picha ya kichwa, akachukua damu. Saa moja na nusu baadaye aliwaita Mzee na mkaza mwana katika chumba kidogo chenye meza, viti viwili na kalenda ya mwaka uliopita. Mzee alikataa kiti. Alisimama nyuma ya mkaza mwana, fimbo mbele yake.

"Damu inapanda kichwani kwa mishipa fulani na kurudi kwa mingine," daktari alisema. "Hii ya kurudishia, mmoja mkubwa umeziba. Damu imeganda ndani yake. Ile inayopanda haipati pa kutokea, ndiyo maana kichwa kinauma zaidi akilala, anatapika, macho yanakataa mwanga, na sasa maneno na mkono. Ana mimba?"

Mzee alikaza fimbo.

"Hana," alisema mkaza mwana.

"Nimepima pia, hana. Anatumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango?"

"Hapana."

"Ameanguka? Ameumia kichwa?"

"Hapana."

"Kuna kinachonisumbua. Mwenye damu iliyoganda hivi, sikutegemea chembe za kugandishia damu ziwe chache. Zake zimeshuka sana. Ndiyo sababu ya hayo madoa ya ngozi. Viwili hivyo huonekana pamoja mara chache." Daktari aliinua kichwa. "Katika mwezi huu mmoja, amechanjwa?"

Mkaza mwana hakumtazama daktari. Aligeuza shingo, akamtazama Mzee, kisha akatazama mapaja yake.

"Hapana," alisema.

Daktari aliandika. "Vizuri. Basi tutaanza sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, ile ya kawaida tunayompa kila mwenye tatizo hili. Naenda kuagiza."

Katika kazi yake Mzee Mizani alikuwa amejifunza kwamba mwenye mizani ya uongo haitazami sindano ya mzani, humtazama mkaguzi. Alilijua jicho lile. Alikuwa amelitafuta siku tano nyumbani kwake, na sasa amelipata, na ulimi wake ulikuwa tayari kusema: umenaswa. Lakini likamjia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu, hata marehemu mkewe. Mwaka wake wa kwanza kazini aliukataa mzani mkubwa wa ghala la nafaka, ule wa bamba la chini. Kila gunia lilizidi uzito. Aliwafokea makarani, akamwita mwenye ghala mwizi mbele ya wapagazi, akatoa lakiri aufunge. Ndipo karani mmoja mzee alipomsogelea na kumnong'oneza sikioni, kwa adabu kubwa: "Bwana mkaguzi, mguu wako uko juu ya bamba."

"Daktari," Mzee alisema. "Simama kidogo."

Daktari alisimama, mkono kwenye kitasa.

"Maswali yako ni mazuri, ila yameulizwa mbele ya mtu asiyestahili kuwepo. Mimi natoka. Uliza upya yote, tangu la kwanza." Alimwinamia mkaza mwana wake. "Mwanangu, lolote utakalolisema humu, mimi sitakuuliza huko nje. Wala leo, wala kesho. Unanisikia? Sema na huyu daktari."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Ujiani palikuwa na benchi la mbao na mwanamke anayepiga deki. Mzee hakuketi. Alisimama akiutazama mlango kama mtu anayesubiri kuhukumiwa, na alipoambiwa asogee alisogea, na maji ya deki yakapita mahali alipokuwa amesimama. Hakupita muda mrefu. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, daktari akapita mbele yake akikimbia, kitu kama kadi mkononi, na kutoka chumba cha pili sauti yake ilisikika: "Hiyo sindano msimpe! Imeingia? Haijaingia? Irudisheni. Nipigieni simu hospitali kuu, namtaka daktari wa damu. Sasa hivi!"

Mkaza mwana alitoka nyuma yake. Mkononi alikuwa na leso iliyofunguliwa fundo. Kadi ya chanjo alikuwa ameifunga humo na kutembea nayo kiunoni siku kumi na tatu, kazini na kitandani, kwa sababu alijua hakuna droo wala godoro katika nyumba ile ambalo baba mkwe wake hawezi kulifunua. Waliochanja walikuja kiwandani Jumatatu ya wiki iliyotangulia, akina dada wote wakajipanga, na binti alipopiga simu kuuliza afanye nini, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia: choma mwanangu, babu yako asijue.

Haya yote alimweleza Mzee bila kuulizwa, amesimama, macho chini. Mzee alikuwa ameahidi kutouliza, na hakuuliza.

"Niseme nini tena, Baba? Nipige."

"Nani kakwambia mimi hupiga? Nimewahi kumgusa nani?"

"Bora ungekuwa unapiga." Alisema bila hasira, kwa uchovu. "Kipigo kina mwisho, Baba. Mtu anapigwa, analia, anakwenda kulala. Jicho lako halina mwisho."

Mzee alifungua mdomo kumkemea, kwa kuwa hapakuwa na mkwe aliyewahi kusema naye hivyo. Akaufunga. Aliketi kwenye benchi.

Jioni daktari alirudi, kalamu zikiwa mbili. Walikuwa wamepata dawa nyingine, na nyingine ya kutuliza kinga ya mwili iliyokuwa ikiishambulia damu yake yenyewe, na gari la hospitali kuu lilikuwa njiani.

"Ataishi?" Mzee aliuliza.

"Sijui. Asubuhi ningesema hapana, maana ningempa ile ya kawaida, na kwa hali kama yake inaweza kuchochea moto. Sasa nasema sijui."

"Kwa hiyo ni chanjo iliyomfanya hivi."

"Inaelekea hivyo."

"Basi nilikuwa na haki!" Lilimtoka kama lilivyo, na lilipokwisha kumtoka alitamani alimeze.

Daktari alimtazama. "Mzee, kiwandani kwao wamechanjwa wangapi?"

"Wafanyakazi mia nne, nasikia."

"Wangapi wako humu?"

"Mmoja."

"Na katika mia nne nyingine, na nyingine, na nyingine, huenda asiwepo hata huyo mmoja. Ni nadra. Lakini nadra si kwamba haipo. Kwa huyu wako ipo. Ningekuomba uyabebe yote mawili bila kulidondosha hata moja, ingawa najua watu hupenda kubeba moja." Akakunja karatasi. "Kuna jambo moja sina shaka nalo. Kichwa kilianza Jumatano. Angekuja na ile kadi siku ya kwanza au ya pili, angeingia hapa akitembea, na angeniambia habari zake mwenyewe."

"Huyo angekuambia mpaka ukimbie," Mzee alisema.

Chiriku alikaa hospitali kuu siku kumi na tisa. Siku tisa za kwanza hakuna aliyetaka kuahidi kitu. Mwanawe Mzee aliliacha lori njiani, akaja na vumbi lake, akalala sakafuni karibu na kitanda. Siku ya kumi binti alifumbua macho, akamwona babu yake, akatafuta, akatafuta, kisha akasema, "Meza." Alikuwa anamwamkia. Maneno yalirudi mojamoja, baadhi yakiwa yamevaa nguo za wenzao. Mkono wa kulia ulijifunza kushika kijiko, kisha kifungo cha gauni. Sindano ya kushonea ulikuwa bado unaikataa. Daktari wa mazoezi alisema mwaka mmoja, pengine miwili, na kwamba huenda yote yasirudi.

Wiki moja kabla ya kutoka, yule daktari kijana wa hospitali ya kwanza alikuja na fomu ya kutolea taarifa ya madhara yaliyotokea baada ya chanjo. Fomu hiyo hupelekwa wizarani, alieleza, ili wanaohesabu wahesabu.

Shaka ya Mzee iliinuka kama mbwa aliyesikia geti. Aliwajua watu wa ofisini. Alijua namna taarifa zinavyopunguzwa makali, zinavyowekwa chini ya nyingine, zinavyopotea katika kuhama ofisi. "Nitaisoma yote," alisema. "Kabla hujaweka sahihi."

"Ndiyo maana nimeileta."

Alivaa miwani. Alisoma jina la chanjo, namba ya chupa, tarehe, mkono uliochomwa. Alilinganisha na kadi, tarakimu kwa tarakimu, akitafuta mahali walipoficha. Hapakuwa na mahali. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko ulionyooka. Akafika sehemu ya chini. Tarehe dalili zilipoanza: Jumatano. Tarehe mgonjwa alipofikishwa: Jumapili. Sababu ya kuchelewa, ikiwa ipo. Hapo daktari alikuwa ameandika: *Familia haikuzitambua dalili.*

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hili si kweli."

"Mzee, linatosha kwa wanaotaka kujua."

"Nani alikuambia hatukuzitambua? Nilizitambua zote. Niliona anatapika, nikaandika moyoni. Niliona anakimbia mwanga. Niliona madoa ya mkono kabla ya mama yake. Hakuna jicho katika mtaa ule lililoona vizuri kuliko langu."

"Najua. Niliandika hivyo kwa ajili yako."

"Usiniandikie kwa ajili yangu. Leta kalamu."

Alifuta mstari ule kwa mstari mmoja ulionyooka, kama sheria ya ofisi inavyotaka, ili kilichofutwa kibaki kusomeka. Juu yake aliandika kwa herufi za shule ya zamani: *Babu wa mgonjwa aliziona dalili tangu siku ya kwanza, akazidhania aibu. Mgonjwa na mama yake waliificha chanjo kwa kumwogopa yeye.* Akatia sahihi yake kamili, na chini ya sahihi akaandika cheo chake cha zamani, kwa kuwa hakutaka mtu adhani limeandikwa na mtu wa mitaani. Jina la mpima nafaka na la mpima pamba lilikuwa limeandikwa mahali ambapo makarani wasiomjua watalisoma, nalo lisingefutika.

Jumapili ya kwanza baada ya Chiriku kurudi nyumbani, Mzee aliwaita wajukuu wake wote saba, wa mwanawe na wa binti zake. Waliketi sebuleni kwa kubanana. Chiriku alipewa kiti cha babu. Mzee alisimama.

"Anayechezea simu aizime," alianza. "Mnajua mmetokana na nani. Nimewaambia hivyo mpaka mmechoka."

"Mpaka tumekonda," alinong'ona mmoja, na wenzake wakazuia kicheko.

"Nimesikia. Konda zaidi. Leo sitawaambia walikuwa nani, nitawaambia mimi nilifanya nini." Akawaambia. Aliwaambia habari ya ujia na soksi, ya Fundi Saa, ya mwanamume ambaye hakuwako, ya maneno aliyomtamkia mgonjwa mezani. Hakuruka kitu. Mkaza mwana wake, mlangoni mwa jikoni, alikuwa ameacha kufuta vyombo.

"Babu," Chiriku alisema. Wote wakageuka. Alitafuta neno kwa muda, midomo ikifanya kazi. "Kaa... kaa chini. Unachosha... miguu. Yangu."

"Miguu yako?"

"Yako. Yangu. Zote."

Safari hii kicheko hakikuzuilika, na Chiriku alicheka kuliko wote kwa upande mmoja wa mdomo. Mzee aliwangoja wamalize. Hakuketi.

"Zamani tulifundishwa, nami nikawafundisha, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijaifuta. Lakini mkuu naye anaweza kusikia vibaya, na hapo atakayevunjika si yeye. Kwa hiyo nishikieni neno hili, nyinyi nyote, na aliye mbali mpelekeeni. Mkichomwa sindano, mkimeza dawa, iwe nimeruhusu au nimekataza, mtasema. Mtaniambia mimi, na mtamwambia daktari hata kama mimi nimesimama pale nimekunja uso. Kichwa kikikuuma namna usiyoijua, hutangoja Jumanne, hutamngoja baba yako, hutangoja babu atulie. Nikikasirika, niacheni nikasirike. Hasira ni yangu, nitaibeba mwenyewe mpaka iishe. Lakini asije mtu wa nyumba hii akajifia kimya kwa sababu ya adabu. Hiyo si adabu, na mimi sikumfundisha mtu hiyo. Na kama niliwafundisha, leo naiondoa."

"Tumesikia, Babu," walisema kwa pamoja.

"Sikuuliza kama mmesikia. Kusikia hata mlango husikia. Simameni, mmoja baada ya mwingine, mkubwa kwanza, mniambie kwa sauti mtafanya nini. Na mseme wazi, asije mtu akaniambia kesho kwamba hakuelewa."